Sehemu ya Namba ya Faksi

Mkurugenzi alitaka jambo moja kabla soko la tumbaku halijafunguliwa:
kompyuta mia mbili na kumi na nne, sauti moja.
Toka ofisi ya Cheyo hadi Urambo, toka Sikonge hadi Kaliua,
ukibonyeza hapa, kule kuitike.
Alisema kama anayeagiza chai.

Nikapewa funguo na bisibisi.

Nilianzia mizanini. Shija ana mashine ya juzi,
inahesabu kilo, na kila robota lina namba, halina mwenyewe.
Ghalani, ya Mlekwa imekula vumbi la jani
hadi inapiga chafya ikiwashwa;
yenyewe inajua marobota, kilo haizijui.
Uhasibu, Bi Kalunde ana kioo cheusi, herufi za kijani,
mfumo ulioandikwa na kijana mmoja wa Itetemia
aliyeondoka mwaka ule reli ilipokatika
bila kuacha hata karatasi.

Mashine tatu, nyumba moja,
haziamkiani.
Faili likitoka kwa Shija likafika kwa Bi Kalunde
linageuka alama za kuuliza,
safu kwa safu, kama kumbikumbi ukutani.

Sasa tazama. Kwa Shija yumo MAGANGA K.
Kwa Mlekwa yumo Kasele Maganga.
Kwa Bi Kalunde yumo Baba Nyamizi, Ipole, mwenye baiskeli.
Mmoja anatudai,
mmoja anadaiwa mifuko kumi na miwili ya mbolea,
mmoja alikwisha kufutwa, hajaleta jani miaka miwili.
Usiku wa nne ndipo nilipong'amua: ni yule yule,
mrefu, anayeegemea dirisha la malipo kila Juni
akiambiwa rudi kesho.
Tulimchanja vipande vitatu kama kuni,
tukashangaa mbona hatembei.

Nikaandika programu ya ushenga.
Kazi ya mshenga si kupendwa,
ni kupeleka neno bila kulipaka asali,
kurudi na jibu, na kumeza matusi ya njiani.
Kilo ijifunze kutamka robota.
Nukta na mkato zipatane.
Tarehe za kigeni, zile zinazotanguliza mwezi,
niliziketisha chini: siku hutangulia, mwezi hufuata,
mwaka hufunga mlango.

Umeme ukikatika, naanza upya.
Jenereta ikigoma, nakaa gizani nasikiliza stesheni:
mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule,
yanakatwa, yanaungwa,
na hakuna anayepiga makofi.

Bi Kalunde hakunizuia. Aliniuliza tu,
"Na maelezo yangu?"
Maelezo gani, mama?
Akashuka na kidole hadi mwisho wa kioo cheusi,
safu pana kama mkeka:
*Mkewe kalazwa Kitete, usimkate mwezi huu.*
*Bani lake liliungua. Kasema kweli, nilikwenda kuona.*
*Huyu sikio la kulia halisikii. Mwite kwa kushoto.*
Miaka ishirini na mitatu ya maneno hayo.

Mfumo mpya hauna safu hiyo.
Nikapiga simu Dar. Wakasema haihitajiki.
Wakasema kila kitu kina kisanduku chake.

Haya.
Kipo kisanduku kimoja, kila mkulima anacho,
waliotunga mfumo wamekiacha kitupu,
kinabeba herufi mia mbili na hamsini na tano:
Namba ya Faksi.
Nani Ipole ana faksi?

Soko lilifunguliwa Jumatatu.
Mkurugenzi akabonyeza, kule kukaitika,
picha ileile ya jani kwenye vioo vyote,
akapeana mikono na wageni.
Mizanini akaja mtu mrefu,
sasa jina moja, deni moja, malipo mamoja.
Shija akatazama kioo, akasoma pale kwenye faksi,
akasogeza kiti,
akazunguka hadi upande wa kushoto,
ndipo akamwita.